Zamu ya Mpiga Besi

Vidole alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, sahani mkononi, na sahani yenyewe alikuwa ameikausha mpaka ikakaribia kutoboka. Sebuleni walikuwamo wanaume wanne. Mmoja alikuwa baba yake. Wawili walikuwa wamekuja kumsemea wa nne, na huyo wa nne ndiye aliyemfanya Vidole asahau kwamba sahani ikishakauka huwekwa kabatini.

"Iache hiyo sahani, imekukosea nini?" shangazi yake alimnong'oneza. "Baba yako akiikubali posa utanunua nyingine. Akiikataa utahitaji kitu cha kuvunja."

"Shangazi, nyamaza, watatusikia."

"Wasikie nini? Mimi naosha vyombo." Na kweli alikuwa anaosha kikombe kilekile tangu wageni wapige hodi.

Jina la Vidole alipewa na wenzake wa kundi, kwa namna anavyopiga piano, na mtaa mzima ukalidaka. Baba yake tu ndiye aliyeligomea. "Mimi nilizaa mtu, sikuzaa kiungo," alisema siku ya kwanza alipolisikia, na tangu hapo humwita mwanangu au humwita kwa kukohoa. Kundi lao lilikuwa la watu wanne, la muziki wa jazi. Yeye kwenye piano, Radi kwenye ngoma, Afande kwenye tarumbeta, na Kimya kwenye besi, ile kubwa ya mbao inayomzidi mpigaji urefu.

Mwezi uliofuata walikuwa wanasafiri, nchi hadi nchi, msimu mzima. Baba alikuwa ametamka neno lake mezani, polepole. Binti yake hasafiri msimu mzima na mwanaume ambaye hajaja kusema anamtaka kwa lipi. Ndipo Kimya akaamua kuja kuposa. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki, ndugu wa kumleta hakuwa naye, basi akawaleta aliokuwa nao.

Vidole alichungulia kwenye upenyo. Kimya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, shati jeupe, mikono juu ya magoti. Ile mikono! Mirefu, mipana, ngozi ya ncha za vidole imekuwa ngumu kwa nyuzi. Angeitambua katikati ya mikono mia. Alimpenda mwanaume yule mpaka akawa anajionea huruma.

"Nisikilizeni," baba alisema. Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule kwa miaka mingi, mwenye kwaya zilizoshinda vikombe, na hata baada ya kustaafu aliongea na watu kana kwamba wako tayari kuanza ubeti. "Sitaki kusifiwa kijana. Kila anayeuza huisifu bidhaa yake. Mimi nataka kila mmoja wenu anieleze safari yake ya muziki. Alianzia wapi, nani alimfundisha, amepita wapi. Nikiwajua ninyi, nitajua binti yangu anakaa na watu gani. Mkubwa aanze."

Afande alinyoosha mgongo, ungedhani bendera inapandishwa.

"Mimi, Mwalimu, niliingia polisi kwa sababu ya tarumbeta. Wenzangu walitaka sare, wengine walitaka mshahara. Mimi nilikuwa napita nje ya kambi nikasikia bendi iko mazoezini. Nikamwuliza mlinzi, hivi vyombo vinauzwa? Akaniambia haviuzwi, hupewa bure anayekubali kuamka alfajiri. Nikamwambia niandike."

"Na wezi ulikamata?"

"Mmoja, Mwalimu. Na yule alijikwaa mwenyewe."

Jikoni shangazi alijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

"Nikapiga magwaride," Afande aliendelea. "Nikapiga kwenye mazishi ya wakubwa, nikawapigia wageni wakishuka kwenye ndege na wakipanda. Nota iliyoandikwa ndiyo inayopigwa, hakuna kuongeza chumvi. Sasa, siku moja gwaride kubwa kabisa, wimbo umefika mwisho, mkono wa kiongozi umeshuka, vyombo vyote vimeshuka. Tarumbeta yangu ikakataa kushuka. Nikaongeza kipande."

"Kirefu?"

"Kifupi tu. Ila kilikuwa kitamu, Mwalimu, nisikudanganye."

"Wakakufanyaje?"

"Wakanipeleka kulinda geti mwaka mzima. Tarumbeta wakachukua, ila wakasahau kunidai kile kidude cha mdomoni. Nilikipuliza kila zamu, mpaka mbwa wa jirani akaacha kunibwekea. Nilipostaafu nikajiapia kwamba umri uliobaki nitapiga vile nilivyoadhibiwa kwa kupiga."

Baba alitikisa kichwa taratibu. Vidole aliujua mtikiso ule, ulikuwa wa kuridhika. Naye mwenyewe, ingawa kisa kile alikisikia mara nyingi garini na vyumba vya nyuma ya jukwaa, kifua kilimjaa fahari. Hakupata kusikia mtu mwingine anayeshika nota moja kwa usafi ule, kisha akaipinda kidogo tu mwishoni, kwa utundu wa mtu aliyesubiri miaka ishirini kuipinda.

"Na wewe?" baba aliuliza.

Radi alikuwa anatazama dirisha huku akitabasamu.

"Bwana, nakuuliza wewe!"

Kimya alimgusa Radi goti na kumwonyesha baba kwa kidevu. Radi aligeuka upesi, akageuza na kiti. "Samahani, Mwalimu. Sikio la upande huo nililiacha kwenye matoazi ya bendi fulani, hawajanirudishia. Umeniuliza nimetoka wapi? Mimi nimetoka chini ya cherehani."

"Chini ya nini?"

"Cherehani. Mama yangu alikuwa fundi nguo, mtu wa kumwachia mtoto hana, basi alinilaza pale miguuni pake. Akikanyaga, mimi nalala. Akisimama, naamka nalia. Kitambaa kizito kina mwendo wake, hariri ina mwendo wake. Nilipokabidhiwa vijiti mara ya kwanza, watu wakaniuliza huu mdundo umeutoa wapi. Nikawaambia hiyo ni suti ya bwana harusi, mikono bado haijatiwa."

Baba alicheka. Alicheka kwa sauti, kitu ambacho sebule ile haikuwa imekisikia tangu posa hii itajwe. Shangazi alimfinya Vidole kiunoni kwa furaha.

"Nimepiga dansi, Mwalimu, nimepiga kwenye meli, nimepiga kwenye sarakasi nyuma ya simba. Waimbaji wakubwa wa enzi ile wote nawajua kwa visogo, sura zao nilizionea kwenye magazeti. Mpiga ngoma ni mtu wa nyuma. Ila kule kote nilikuwa napigia watu. Kwenye jazi ndiko nilikopata kupiga na watu. Mwanao akiniuliza jambo kwenye piano, namjibu. Nikimtania, ananitania. Na huyu kijana," akamshika Kimya bega, "anasimama kila siku upande wa sikio langu zima. Sikumwomba. Aliona mwenyewe, siku ya kwanza, akahamisha besi yake."

Baba aliinua jagi, akamjazia Radi maji kwa mkono wake mwenyewe. Shangazi aliona, Vidole aliona, na wote wawili wakashikana mikono yenye povu. Baba hakuwa mtu wa kumimina maji kwa mtu asiyemtaka nyumbani mwake.

Sasa ilibaki zamu moja.

Kimya aliinua macho. Hakumtazama baba. Alitazama upenyo wa mlango wa jikoni, akayakuta macho ya Vidole yakimsubiri, na kwa muda mfupi sebule yote ikawaachia nafasi. Vidole alimtolea tabasamu la kumsukuma mbele. Sema, mpenzi wangu. Sema tu lolote.

Alikumbuka usiku aliompenda. Ukumbi ulikuwa umejaa, yeye mgeni bado kwenye kundi, katikati ya wimbo akapotea njia. Vidole vya mikono yake vikaenda pasipofaa, akajua ameharibu mbele ya watu wote. Ndipo besi ikahama. Kimya alihamia chini yake, palepale alipopotelea, na nota yake mbovu ikageuka kuwa ndiyo hasa iliyotakiwa. Watu wakapiga makofi, Afande akamsifu kwa ubunifu. Watu wawili tu walijua. Alipogeuka kumtazama, Kimya alikuwa anatazama nyuzi zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanamke atamwachaje mtu wa namna hiyo?

"Haya, kijana," baba alisema, na sauti yake bado ilikuwa na joto la kicheko. "Wenzako wameniridhisha. Wewe ulianzia wapi? Mwalimu wako wa kwanza alikuwa nani?"

Kimya alifungua midomo. Akaifunga. Akatazama sakafu, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa juu ya goti, ukainua vidole viwili.

Ishara ile Vidole aliijua kama anavyojua jina lake. Jukwaani, kila mmoja hupewa zamu ya kupiga peke yake, na zamu ikifika kwa Kimya, huinua vidole viwili kwenye shingo ya besi. Nipiteni, mimi nashika chini. Na Radi huidaka zamu papo hapo, wimbo usipoe.

Radi akaidaka. Mazoea yana tabu! "Basi, Mwalimu, kule kwenye sarakasi," akaanza kwa bashasha, "palikuwa na tembo mmoja..."

"Ngoja." Baba aliinua kiganja, na Radi akanyamaza kama ngoma iliyotiwa blanketi. "Hiyo ya vidole viwili ni nini?"

Afande alikohoa. Alikuwa mtu mwema, lakini ametumikia polisi miaka mingi, na mkubwa akiuliza, hujibu kweli. "Ni ishara yetu ya jukwaani, Mwalimu. Maana yake, nipiteni."

"Nipiteni?"

"Ndiyo, Mwalimu. Zamu yangu iende kwa mwingine."

Baba alisimama, akavuta shati lake vizuri kiunoni.

"Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote," alisema. "Mtu akinyamaza anapoulizwa, basi hana la kusema, au ana la kuficha. Amekuja kuniomba mtoto niliyenaye mmoja tu duniani. Nimemwuliza swali ambalo hata mtoto wa chekechea angelijibu. Amesema apitwe. Basi, na mimi nimempita."

"Mwalimu, tusifike huko..." Radi alijaribu.

"Ninyi ni wageni wangu, karibuni siku yoyote. Habari ya posa imekwisha."

Kimya alisimama, akainama kwa heshima. "Samahani, Mwalimu," alisema, chini kabisa, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake bila kelele.

Vidole aliweka sahani. Machozi yalikuwa yamemlenga, na chini ya machozi palikuwa na hasira.

"Shangazi, nimwache aende?"

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," shangazi alisema, akimfungua aproni mgongoni. "Mfuate ukausikie huo mshindo. Ukiwa hauna maana, rudi, chakula kipo."

Alimkuta kwenye ngazi, ghorofa moja chini, mkono juu ya reli. Hakuwa anashuka wala kupanda.

"Umenipita," Vidole alisema.

"Vidole, nisikilize."

"Nikusikilize! Nimefanya nini mchana kutwa? Nimejibanza jikoni nimetega masikio nikusikilize, wewe ukainua vidole viwili! Mimi ni wimbo, Kimya? Mimi ni zamu ya kupisha? Afande amesema, Radi amesema mpaka ya simba, na wewe mwenye shida ndiye uliyekosa neno!"

"Aliniuliza mwalimu wangu wa kwanza ni nani."

"Si ungesema! Yule fundi seremala aliyekupa besi iliyovunjika uipasue utengenezee kabati, ukaiunga ukaipiga. Au yule mzee wa bendi ya ukumbi wa maigizo aliyekufundisha nota. Miaka yote ile umepiga pale gizani chini ya jukwaa, wachezaji wanapokea maua, wewe unafunga besi yako kwenye mfuko. Mimi ningeyasema hayo kwa kujivunia! Kwa nini wewe huwezi?"

"Hao hawakuwa wa kwanza."

"Nani basi?"

Kimya alitazama juu, kwenye mlango wa kina Vidole.

"Baba yako."

Vidole alishika reli.

"Nilikuwa mtoto wa darasa la nne," Kimya alisema. Alisema polepole, na ilikuwa mara ya kwanza Vidole kumsikia akisema sentensi nyingi zilizofuatana. "Nilikuwa napenda kuimba kuliko kula. Naimba njiani, naimba nikioga, mama ananiambia nipumzishe majirani. Nikaingia kwaya ya shule, ya Mwalimu. Tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano. Akapita mstari kwa mstari, sikio ameliinamisha, anatafuta sauti inayoharibu. Akafika kwangu, akasimama. Hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kabisa, 'Wewe, kijana, fungua mdomo, lakini sauti usitoe.'"

"Mungu wangu."

"Nikafanya hivyo. Tukashinda. Kwenye picha ya kikombe nimo, mdomo wazi kama wenzangu."

"Na baada ya hapo?"

"Sijaimba tena."

Vidole alikaa kwenye ngazi. Alimwona baba yake, sikio limeinama, anapita mstari kwa mstari. Alimwona na mtoto mwembamba anayefungua mdomo bila sauti. Aliwapenda wote wawili, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ulijua tangu lini kwamba ni baba yangu?"

"Siku uliyoingia kwenye ukumbi wa mazoezi kuulizia chumba cha mitihani ya watoto uliokuwa unawafundisha piano, ukakuta kiti cha piano hakina mtu. Afande alikuuliza umefundishwa na nani, ukamtaja. Nilitaka kufunga besi yangu niondoke." Akatazama viganja vyake. "Halafu ukapiga."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ili iweje? Umchukie baba yako?"

Vidole aliinuka ghafla. "Naenda kumwambia sasa hivi."

Kimya alimshika mkono. Alimshika kwa wororo, lakini alimshika. "Usithubutu. Mzee amejivunia kwaya zile maisha yake yote, wewe ukamvue nguo mbele ya wageni? Aibu yake ni yangu. Heri nikataliwe."

"Unamlinda yeye," Vidole aliuliza, "au unajilinda wewe?"

Kimya aligeuzia uso ukutani.

"Mimi nitakuambia jambo, Kimya, na usiinue kidole hata kimoja. Baba angekujua, akakukataa, ningelia na ningekaa upande wako. Lakini amemkataa mtu ambaye hajamsikia, na mimi sina cha kumtetea. Jukwaani huwa nakukisia, na napenda kukukisia, ndiyo raha yangu. Nyumbani sitaweza. Siku nimeumwa, siku tumekosana, siku mtoto anaulizia jambo zito, utatupita? Mimi sitaolewa na mtu anayepisha zamu yake."

Macho ya Kimya yalikuwa yamejaa maji. Vidole alitamani kumkumbatia na yote yaishe. Badala yake alichomoa mkono wake.

"Naingia ndani. Mlango nitauacha wazi. Ukishuka, shuka salama. Sitakufuata mara ya pili."

Alipanda bila kugeuka. Ngazi zile zilikuwa chache, lakini alizipanda kwa miguu ya mtu aliyebeba piano.

Sebuleni Afande alikuwa ameshashika kofia yake na Radi anamshukuru shangazi, kupitia mlango wa jikoni, kwa chai ambayo haikupata kuletwa. Baba alisimama dirishani, mgongo umewaelekea.

"Mlango huo, mwanangu," alisema.

"Nimeuacha wazi, Baba."

Baba alimtazama usoni, akaona alichokiona, na hakumwambia aufunge. Vidole alitega sikio. Kimya alikuwa mtu wa nyayo nyepesi, huwezi kujua kama anakuja au anakwenda, na sekunde zile alimlaani kwa nyayo zake.

"Hodi."

Sauti ilitoka imekwaruza. Kimya alikuwa kizingitini.

"Umesahau kitu?" baba aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Jibu."

Hakuna aliyesogea. Radi aligeuza sikio lake zima.

"Mwalimu wangu wa kwanza ni wewe," Kimya alisema. "Darasa la nne, sauti ya tatu, mstari wa nyuma, upande wa dirisha. Ulinisimamisha ukaniambia nifungue mdomo, sauti nisitoe."

Uso wa baba haukubadilika, ila mkono wake ulitafuta mgongo wa kiti, ukaushika.

"Sikuja kukudai, Mwalimu. Kweli nilikuwa naharibu." Pumzi ilimwishia, akaivuta tena. "Lakini mtu akinyamaza katikati ya wanaoimba, anasikia mambo. Nilikuwa nasikia sauti ya kwanza inakaza, ya pili inachelewa. Nikawa najua nani atakosea kabla hajakosea. Nilipokutana na besi nikaona chombo hiki ni changu. Kinasikiliza kuliko kinavyosema. Binti yako namsikia hivyo. Akichoka namsikia, akiogopa namsikia, akikukumbuka wewe tukiwa safarini, namsikia kwenye mkono wake wa kushoto. Mimi kusema sijui. Kusikia ulinifundisha wewe."

Shangazi alikuwa ametoka jikoni waziwazi, hana hata kikombe cha kusingizia.

"Sikukumbuki," baba alisema hatimaye. Alisema kweli yake, na ilimgharimu. "Nimejaribu hapa niliposimama. Uso wako siupati. Mlikuwa wengi, na niliowaambia hivyo walikuwa wengi."

"Najua, Mwalimu."

"Nilikuwa nataka kikombe."

"Tulikipata."

Baba aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alivuka sebule, akasimama mbele ya Kimya, karibu, akainamisha sikio.

"Haya," alisema. "Sema lililokuleta nyumbani kwangu. Toa sauti."

"Nimekuja kuomba nimwoe binti yako."

Sauti ilipasuka katikati. Ilipanda pasipotakiwa, ikashuka pasipotarajiwa, na neno la mwisho likatoka nusu. Baba alifumba macho. Vidole aliujua uso ule, alikulia mbele yake kwenye benchi la piano, ndio uso uliotangulia kila sahihisho la maisha yake.

"Rudia," baba alisema.

Kimya alirudia. Ikapasuka palepale.

"Rudia tena."

"Mwalimu," Afande akaingilia, kofia ameikunja mikononi, "nadhani kijana amesikika."

"Najua amesikika." Baba hakufumbua macho, na machozi yalikuwa yanapita chini ya kope zake. "Mwacheni. Nilimnyamazisha akiwa mtoto. Nataka nimsikie."

Basi Kimya akajaza kifua akarudia mara ya tatu, kwa nguvu zote alizonazo, sauti mbovu, nene, isiyo na aibu, mpaka jirani wa juu akafungua mlango akauliza ni nani anaolewa huko chini.

Baba alifumbua macho, akamgeukia binti yake. "Mimi nimekwisha kubali," alisema. "Mjibu mwenzio, Vidole, kabla jengo zima halijamjibu."

Vidole akajibu, na kwa kuwa alikuwa analia, ilibidi naye arudie.